Shajara ya Mradi: Gamu na Rangi kwa Shati Moja na Gauni Moja

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Mradi huu una nguo mbili tu: shati la kiume la mikono mirefu, la buluu iliyokolea kama kaniki, na gauni la mtoto wa miaka 10, la manjano hafifu. Vitambaa vyote viwili vitaanza vikiwa havina rangi, na nitavitia rangi mwenyewe nyumbani. Nimeamua kuandika kila hatua kwa sababu mwaka jana nilishona shati la namna hii bila kuandika chochote, na lilipoharibika sikuweza kujua kosa lilianzia wapi.

Shati lile nililishona kwanza, nikalitia rangi baadaye. Mwili wake uliikubali rangi vizuri, lakini kola na kafu za mikononi zilitoka na kivuli kingine, nyuzi za mishono zikabaki nyeupe pe kama mistari ya chaki, na gamu ya kola ikaachia ndani ya maji ya moto mpaka kola ikavimba mithili ya andazi. Gamu, kwa asiye mshonaji, ni kile kitambaa cha ndani kinachowekwa kati ya matabaka mawili ya kola, kafu, mkanda wa kiuno au kipande cha vifungo, ili sehemu hiyo isimame na isivutike. Nilikuwa nimeinunua kwa siku yake na rangi kwa siku yake, kana kwamba hazitakutana. Safari hii hakuna rangi itakayonunuliwa kabla sijajua gamu ipi itakaa chini yake, wala gamu itakayokatwa kabla sijajua imepita katika maji ya joto gani.

Leo nimekwenda Kariakoo na kurudi na marekani mita 2.75, yenye upana wa sentimita 150, kwa ajili ya shati, na bafta nyeupe mita 2.5, yenye upana wa sentimita 115, kwa ajili ya gauni. Marekani ni pamba isiyopaushwa, na jina lake ni kumbukumbu ya biashara: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja shehena za kitambaa kilichofumwa kwao, na watu wa pwani wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vya 1861 hadi 1865, vilipokata mkondo huo, vitambaa vya Uingereza na India viliziba pengo, lakini jina halikubadilika. Nimefurahi kwamba shati langu litakuwa marekani iliyogeuzwa kuwa kaniki, ingawa furaha hiyo haina msaada wowote katika kupima magadi.

Katika duka moja nilionyeshwa popilini nzuri sana, laini na nyeupe kuliko bafta, na muuzaji akaniapia kuwa ni pamba tupu. Nilinunua robo mita tu kwa ajili ya majaribio.

Jumapili, 6 Aprili

Leo nimechoma ncha za vitambaa vyote vitatu juu ya sahani ya bati, nikizishika kwa koleo ndogo. Marekani na bafta ziliungua upesi kwa moto wa manjano, zikatoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi la kijivu linalosagika kwa kidole. Popilini iliungua pia, lakini ilijikunja, ikatoa moshi mweusi na kuacha shanga ngumu nyeusi isiyosagika. Hiyo ni poliesta iliyochanganywa na pamba, na kiapo cha muuzaji hakiwezi kubadilisha shanga ile kuwa jivu.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Rangi zinazoshika pamba hazishiki poliesta hata kidogo, kwa hiyo kitambaa cha mchanganyiko kitachukua rangi katika nyuzi zake za pamba peke yake na kutoka na rangi iliyopauka, kama nguo iliyofuliwa miaka mitatu. Poliesta inataka rangi za aina nyingine, zinazoitwa dispasi, ambazo viwandani huingizwa kwa joto la nyuzi 130 za Selsiasi chini ya mgandamizo, na jikoni kwangu hakuna chombo cha kazi hiyo. Hoja hiyohiyo inaihusu gamu na uzi wa kushonea. Gamu nyingi zinazofanana na karatasi hutengenezwa kwa poliesta, na uzi wa kawaida wa cherehani ni poliesta. Sasa naelewa kwa nini shati la mwaka jana lilikuwa na mistari ya chaki.

Jumamosi, 12 Aprili

Kazi ya leo ilikuwa kusafisha na kusinyaza. Marekani hutoka kiwandani ikiwa na wanga wa kufumia, mafuta ya asili ya pamba na vipande vidogo vya maganda ya mbegu, na vyote hivyo huzuia rangi isipenye sawasawa. Niliichemsha kwa saa moja na nusu katika sufuria kubwa pamoja na sabuni ya mche iliyokwanguliwa na magadi, na maji yakageuka kuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikayamwaga, nikarudia kwa nusu saa, mara ya pili yakawa ya ndimu hafifu. Bafta haikuhitaji yote hayo. Niliifua kwa maji ya moto na sabuni mara moja, ikatosha.

Kabla ya kufua nilikuwa nimeweka alama za uzi kwenye kila kitambaa, sentimita 100 kwa upande wa mtande (nyuzi za urefu) na 100 kwa upande wa mshindio (nyuzi za upana). Baada ya kukauka, marekani ilikuwa imebaki na sentimita 95 kwa mtande na 97.5 kwa mshindio. Bafta ilikuwa 96.5 na 98. Sentimita 5 katika 100 maana yake ni kwamba kola ya sentimita 42 iliyokatwa bila kusinyazwa ingepungua kwa zaidi ya sentimita 2, na shingo ya mvaaji haipungui pamoja nayo.

Nilipima pia uzito wa vitambaa vikavu kwa mizani ya jikoni, kwa sababu rangi hupimwa kwa uzito wa kitambaa na wala si kwa urefu wake: marekani gramu 534, bafta gramu 255.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekusanya gamu za aina nne. Ya kwanza ni ya karatasi, nyepesi, yenye nukta za gundi upande mmoja. Ya pili ni ya karatasi pia, lakini nzito. Ya tatu ni ya kitambaa cha pamba kilichofumwa, nayo ina gundi ya kubandikwa kwa pasi. Ndiyo ghali kuliko zote. Ya nne haikununuliwa: ni kipande cha bafta yenyewe, kitakachoshikizwa kwa mshono bila gundi yoyote.

Nilikata vipande vya sentimita 10 kwa 10, nikabandika kila gamu kwenye marekani na kwenye bafta. Nilikwenda na vipande vya kwanza kwa fundi wa mtaani kwetu, mzee aliyeshona suti na sare kwa miaka mingi, akavitazama na kuniuliza, "Mama, hii umeibandika au umeipiga pasi?" Sikuelewa tofauti. Akaniambia, "Ukisugua, gundi inakimbia na gamu inavutika. Weka pasi, kandamiza, hesabu polepole mpaka 15, inua. Usiguse mpaka ipoe." Nilirudi nyumbani na kuanza upya: pasi katika joto la pamba, kitambaa chembamba chenye unyevu juu ya kazi, sekunde 15 kila mahali, kisha kazi iachwe juu ya meza mpaka ipoe kabisa. Gundi ya gamu ni plastiki inayoyeyuka, na inapokuwa bado na joto haijashika chochote. Ukikunja kazi wakati huo, mkunjo unabaki ndani yake.

Sampuli zote zilifuliwa mara tatu kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa. Gamu ya karatasi nyepesi ilifaa kwenye bafta katika mara ya kwanza, lakini baada ya mara ya tatu ilianza kutoa malengelenge madogo pembezoni. Gamu nzito iliifanya marekani kuwa kadibodi, na ilipokunjwa ikaacha alama ya mvunjiko isiyotoka. Inafaa mkoba, au ukingo wa kofia, na si shingo ya binadamu. Gamu ya pamba ndiyo iliyotulia: ilikunjika pamoja na marekani, haikuonekana kwa nje, na haikuachia. Kasoro yake ni moja. Ilisinyaa kidogo katika ufuaji wa kwanza, ikavuta kitambaa cha juu na kukiachia mawimbi mepesi, maana marekani ilikuwa imekwisha kusinyaa na gamu ilikuwa bado. Gamu hiyo nayo italazimika kuloweshwa kabla ya kubandikwa.

Kuna jambo lingine nililoliona kwa bahati. Nilipoinua sampuli za bafta dirishani, ile yenye gamu nyeupe ilikuwa inang'aa kuliko kitambaa kitupu kilichokuwa kando yake. Bafta ni nyembamba, na weupe wa chini hupenya. Kitambaa hicho kikishatiwa manjano hafifu, kaba ya shingo, yaani kitambaa cha kuimarishia ukingo wa shingo, yenye gamu nyeupe itaonekana na manjano mengine, hata kama rangi ni ileile na imetoka katika ndoo ileile.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku ya majaribio ya rangi, nayo imenichukua kuanzia asubuhi mpaka magharibi.

Nilianza kwa kumwendea jirani anayetengeneza batiki, kwa sababu yeye ndiye mwenye uzoefu wa rangi katika mtaa wetu. Anatumia rangi za vati, zile zinazohitaji kostiki soda na haidrosulfaiti. Rangi ya vati haiyeyuki katika maji mpaka iondolewe oksijeni, na hiyo ndiyo kazi ya haidrosulfaiti. Kitambaa hutoka katika ndoo kikiwa na rangi isiyo yake, kisha hewa huirudisha rangi ya kweli mbele ya macho yako. Nili hufanya hivyohivyo: kitambaa hutoka kikiwa cha kijani cha manjano na kugeuka buluu kikiwa kwenye kamba. "Dada, hii haiogopi jua wala sabuni," aliniambia, na nguo zake ni ushahidi wa kutosha.

Hata hivyo, sikuichagua. Kostiki soda huchoma ngozi na kuharibu macho, haidrosulfaiti ikipata unyevu kidogo katika hifadhi yake huweza kupata joto yenyewe mpaka ikashika moto, na nyumba yangu ina watoto wanaoingia kila mahali. Hayo peke yake yangetosha, lakini sababu iliyoamua ilikuwa ni gamu. Nilikuwa nimeanza kufikiria kuitia rangi gamu ya pamba pamoja na kitambaa cha shati, na sikuwa tayari kuipitisha gundi yake katika kostiki. Rangi za riaktivu, kwa upande wake, hushika pamba katika maji ya nyuzi 30 hadi 40, joto ambalo gundi ya kuyeyushwa kwa pasi hata hailisikii.

Rangi za riaktivu zilianza kuuzwa mwaka 1956 na kampuni ya ICI ya Uingereza, na upya wake ulikuwa kwamba haziketi tu ndani ya uzi: huungana na selulosi ya pamba kwa kifungo cha kikemia, maji yakiwa na ualikali wa kutosha, yaani ukali kama wa magadi. Chumvi huisukuma rangi kuelekea kwenye kitambaa, na soda, ambayo kwangu itatoka kwenye magadi, huwasha muungano. Kasoro ni kwamba sehemu ya rangi huungana na maji yenyewe badala ya pamba, na sehemu hiyo haina tena uwezo wa kushika chochote. Ndiyo inayochuruzika katika ufuaji, na ni lazima itolewe yote kwa maji ya moto na sabuni. Unga wake usivutwe puani, kwa kuwa unaweza kumletea mtu mzio wa kifua usiokwisha. Nilivaa barakoa mpaka unga ulipokuwa umelowa wote.

Swali la kwanza lilikuwa maji. Maji ya kisima ya kwetu ni ya chumvi, na nilidhani kwa kuwa kazi yenyewe inataka chumvi basi nimepata nafuu. Sivyo. Maji hayo yana kalsiamu na magnesiamu pia, na nilipotia magadi yakageuka kuwa na ukungu mweupe uliotulia chini kama unga wa muhogo. Sampuli iliyotiwa rangi humo ilitoka na mabaka. Kwa sababu hiyohiyo maji ya bahari, ambayo ningeweza kuyapata bure, hayafai. Masika imenisaidia: pipa la chini ya mchirizi limejaa maji ya mvua, na sampuli yake ilikuwa na rangi iliyoenea sawasawa.

Swali la pili lilikuwa magadi. Magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage na kisamvu, ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, pamoja na mchanga wa hisani ya ziwa. Baikaboneti haina ukali wa kutosha. Viwanda, kama kile cha Ziwa Magadi nchini Kenya, huyachoma magadi ghafi ili baikaboneti igeuke kaboneti, na hicho ndicho kinachouzwa kama soda ya unga. Nilifanya hivyo kwa kiwango changu: nusu kilo ya magadi yaliyotwangwa niliyakaanga makavu katika sufuria kuukuu kwa saa moja, nikiyageuza, kisha nikayayeyusha na kuyachuja kwa kitambaa. Karatasi za kupimia pH, kipimo cha ukali huo, zilionyesha karibu 10 kwa maji ya magadi ghafi na karibu 11 kwa yaliyokaangwa. Sampuli zilisema vivyo hivyo: iliyotumia magadi ghafi ilikuwa buluu ya sare ya shule iliyochoka, na iliyotumia yaliyokaangwa ilikaribia kaniki. Sufuria ile haitarudi tena jikoni.

Kipande cha popilini nacho kilitiwa humohumo, kwa udadisi. Kilitoka na rangi ya majivu yenye wazo la buluu.

Jumapili, 20 Aprili

Nimejaribu lile wazo la gamu. Kipande cha gamu ya pamba, sentimita 10 kwa 10, kilikaa saa moja katika maji ya rangi ya nyuzi 35 bila kukunjwa wala kukamuliwa. Pamba yake ilikolea buluu. Nukta za gundi zilibaki na rangi ya mbingu, zikawa kama dawa ya mbu iliyonyunyiziwa juu ya kitambaa cheusi. Kilipokauka kivulini nilikibandika, kikashika. Sina la kuongeza leo.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo ni sikukuu ya Muungano, watu wote wako nyumbani, na nimetumia siku nzima uani.

Kwa shati: marekani gramu 534 pamoja na gamu ya pamba yapata gramu 40, jumla gramu 574. Rangi ya kukolea inataka asilimia 4 ya uzito huo, yaani gramu 23. Maji yalikuwa lita 12, takriban mara 20 ya uzito wa kitambaa, chumvi gramu 960 na soda ya magadi yaliyokaangwa gramu 180. Marekani iliingia ikiwa imelowa na kuzungushwa kwa dakika 20 katika rangi na chumvi. Kisha niliitoa, nikamimina soda iliyoyeyushwa, nikakoroga na kuirudisha. Soda isimiminwe juu ya kitambaa, maana pale inapoangukia rangi hukamata kwanza na kuacha baka. Gamu niliilaza kwenye beseni pana la pembeni, nikalijaza kwa maji yaleyale ya rangi, ili isisuguliwe na kitambaa kizito. Vyote vilikaa kwa saa moja na dakika 15, kitambaa kikigeuzwa kila dakika tano katika nusu saa ya kwanza.

Kwa gauni: bafta gramu 255, maji lita 5, chumvi gramu 150, soda gramu 50, na rangi asilimia 0.5, ambayo ni kama gramu 1.3. Mizani yangu ya jikoni haiwezi kupima gramu 1.3 kwa uaminifu, kwa hiyo niliyeyusha gramu 5 katika mililita 500 za maji, nikapima mililita 130 kwa kikombe cha dawa. Rangi hafifu zina tabia mbaya kuliko zilizokolea, kwa sababu kila baka huonekana, na kitambaa kinapaswa kusogezwa bila kupumzika tangu kinapoingia. Mikono yangu ilichoka kabla ya dakika 20 za kwanza.

Kusuuza kulikuwa kazi kubwa kuliko kutia rangi. Maji baridi kwanza, mara tatu, ili kuondoa chumvi na soda. Kisha maji ya moto yanayokaribia kuchemka, pamoja na sabuni, na kitambaa kuachwa humo dakika 15. Marekani ilihitaji maji ya moto mara nne mpaka kitambaa cheupe nilichokibana juu yake kikabaki cheupe. Gamu haikupata maji ya moto hata mara moja. Niliilowesha katika maji baridi na kuyabadilisha mara sita, kisha ikalala humo usiku kucha.

Hapo pana hatari niliyoikubali nikijua: gamu ambayo haikusafishwa kwa maji ya moto inaweza kuwa bado na rangi isiyoshika. Ndani ya shati la buluu rangi hiyo haina pa kuharibu. Ndani ya nguo nyeupe nisingethubutu.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda kununua uzi nikiwa na vipande vya vitambaa vyote viwili mkononi. Dukani, chini ya taa ya mrija, uzi niliochagua kwa ajili ya shati ulilingana na marekani kabisa. Nilipotoka nao juani ulikuwa na uzambarau. Nilirudi kuubadilisha, na muuzaji, kwa uungwana, akanipa boksi zima la buluu niende nalo mlangoni nichague mwenyewe. Uzi ni wa poliesta, na sasa haina ubaya, kwa kuwa hautaingia tena katika rangi.

Gamu ya buluu imekauka ikiwa bapa. Ilisinyaa kwa asilimia 2, na ndivyo nilivyotaka, isinyae kabla ya kubandikwa. Niliikata kwa mwelekeo wa mtande sawa na kitambaa, nikaondoa nafasi ya mshono kwenye pembe za kola, maana pale penye matabaka manne na kona moja, kila uzi wa ziada ni uvimbe. Nimebandika tabaka moja tu la kola, lile la juu, pamoja na mkanda unaoisimamisha kola, kafu na vipande vyote viwili vya vifungo. Umeme ulikatika nikiwa katika pembe ya kushoto ya kola. Pasi ilikuwa bado ina joto, nikajidanganya kuwa linatosha, nikamalizia.

Jumapili, 4 Mei

Gauni halina gamu ya dukani. Kaba ya shingo na ya mikono imepewa bafta yenyewe ya manjano, iliyotoka katika ndoo moja na gauni, ikashikizwa kwa mshono wa milimita 4 kutoka ukingoni. Niliitazama dirishani: manjano ni mamoja tangu shingoni mpaka kiunoni. Namna hii si ugunduzi wangu. Mafundi wa kanzu huipa kaba uimara kwa tabaka za kitambaa chenyewe na mishono mingi ya mkono, na kanzu iliyoshonwa vizuri huchakaa kwingineko kabla ya kifuani. Niligundua tu kwamba penye mviringo wa shingo tabaka tatu ni nene, kwa hiyo nilipunguza nafasi ya mshono kwa ngazi, kila tabaka fupi kuliko lililo juu yake, na kupiga mikato midogo kila sentimita moja. Gauni limekamilika leo jioni, isipokuwa pindo la chini.

Jumamosi, 10 Mei

Matundu ya vifungo ndiyo yaliyonifanya nione thamani ya kuitia gamu rangi. Kwa ajili ya kulinganisha, nilitoboa tundu moja kwenye sampuli yenye gamu nyeupe na jingine kwenye shati. Kwenye sampuli, mara mkasi ulipopita, nyuzi nyeupe zilichomoza kati ya mishono kama ndevu za mzee, na hakuna kiasi cha kupunguza kilichozimaliza, kwani kila kifungo kinapopita kinazivuta nyingine. Kwenye shati, tundu lilikuwa buluu mpaka ndani. Ningeweza kununua gamu nyeusi na kupata karibu matokeo hayo. Inauzwa, lakini niliyoiona ilikuwa ya karatasi, na malengelenge ya tarehe 13 Aprili bado ninayakumbuka.

Matundu saba mbele, mawili kwenye kafu. Shati limekamilika saa nne usiku.

Jumapili, 25 Mei

Nguo zote mbili zimefuliwa mara tatu kwa namna zitakavyofuliwa siku zote: sabuni ya unga, maji ya bomba, jua la asubuhi. Katika mara ya kwanza shati lilitoa buluu kidogo majini, kutoka kwenye gamu nadhani, kwa sababu maji yalianza kubadilika nilipokuwa nikisugua kola. Mara ya pili yalikuwa karibu meupe. Mara ya tatu nilifua pamoja na leso nyeupe kwa makusudi, na leso ikatoka kama ilivyoingia. Urefu wa kola haujabadilika hata kwa milimita moja. Rangi ya kola, kafu na mwili ni ile ile, juani na kivulini.

Pembe ya kushoto ya kola ina lengelenge moja, ukubwa wa punje ya dengu, palepale umeme ulipokatikia. Nimejaribu kulibandika upya kwa pasi na kitambaa chenye unyevu, likalala kwa ufuaji mmoja na kuinuka tena. Nitaliacha, mwenye shati hajaliona, na mimi sitamwonyesha.

Gauni lina kasoro ya aina nyingine: mtoto amekua. Pindo la chini nililolikunja kwa sentimita 4 litashushwa kwa sentimita 2, na alama ya mkunjo wa zamani itaonekana kwa muda. Nimebaki na bafta ya manjano nusu mita, na gamu ya buluu sentimita 30 kwa 45, ambayo nimeizungushia kwenye bomba la kadibodi, gundi ikiwa upande wa nje, nikaandika juu yake tarehe, joto la maji na asilimia ya rangi. Magadi yaliyokaangwa yamebaki gramu 200 katika chupa yenye kifuniko kinachokaza, juu ya kabati, mbali na maharage.